Tuipeleke Wapi Makala Yetu?

Katika vikundi vingi vya utafiti ninavyovifahamu, swali la jarida huulizwa mwishoni kabisa. Data zimeshachambuliwa, michoro imekamilika, muswada umepita mikononi mwa waandishi wenza wote, ndipo mmoja anauliza: tunaipeleka wapi? Wakati huo kila mtu amechoka, na jina la kwanza kutajwa ndilo linaloshinda, iwe ni jarida ambalo mkuu wa kikundi alichapisha mara ya mwisho au lile lililotuma barua pepe ya kumwaga sifa wiki hiyohiyo. Mimi nimefikia kuamini kwamba swali hili linapaswa kujibiwa kabla sentensi ya kwanza ya utangulizi haijaandikwa. Jarida ndilo linaloamua nani ataihakiki makala, nani ataisoma, na ni mambo gani unaweza kuyataja bila kuyaeleza kwa kuwa wasomaji wake wanayajua tayari.

Uwanja wangu ni mbu waenezao malaria, na katika uwanja huu karibu kila jarida ninalolifikiria leo ni la ufikiaji huria, yaani msomaji yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua makala nzima bila kulipa. Hali haikuwa hivyo zamani. Tamko la Budapest lililoupa ufikiaji huria maana yake ya sasa lilitolewa Februari 2002, na mwaka huohuo ulianzishwa mpango wa HINARI, uliowapa watafiti wa nchi maskini njia ya kusoma majarida ya tiba yaliyokuwa yamefungwa. Anayekumbuka kusoma muhtasari wa makala na kuishia hapo kwa sababu ukurasa unaofuata ulidai dola thelathini na kitu anaelewa kwa nini naliona jambo hili kuwa la haki kabla ya kuwa la kitaaluma. Mbu tunaowachunguza wananaswa katika nyumba za watu wa Kilombero na Rufiji, kwa ridhaa ya wenye nyumba hizo, na sioni hoja yoyote ya kumzuia daktari wa wilaya yao kusoma matokeo.

Hata hivyo neno «huria» linatueleza jambo moja tu, nalo ni nani anaruhusiwa kusoma. Halituelezi nani ameihakiki kazi, wala kama imehakikiwa. Hapo ndipo ugumu wa kuchagua unapoanzia, kwa sababu chini ya neno hilo moja wamo wahariri waadilifu wanaofanya kazi bila malipo pamoja na wafanyabiashara wasio na mhariri hata mmoja.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazokatisha tamaa kwanza. Majarida mengi huria ya wachapishaji wakubwa humtoza mwandishi ada baada ya makala kukubaliwa. Jarida huria la PLOS ONE lilipoanza Desemba 2006 lilitoza dola 1,250. Sasa ada yake imepita dola 2,000. Novemba 2020 wachapishaji wa Nature walitangaza kwamba mwandishi anayetaka makala yake iwe huria ndani ya jarida hilo atalipa euro 9,500. Kwa mtafiti wa Ifakara au Mwanza hata ile ada ndogo ni mafuta ya gari na posho za wasaidizi wa utafiti kwa sehemu nzuri ya msimu wa mvua. Wachapishaji wengi wana utaratibu wa msamaha wa ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, na nimesikitika mara nyingi kuona watu wakiliacha jarida zuri kwa hofu ya ada ambayo wao wasingelipa.

Utaratibu huo una vipengele ambavyo lazima visomwe kwa makini. Wapo wachapishaji wanaofuata makundi ya nchi ya Research4Life, mpango mpana ambao HINARI ni sehemu yake, na wapo wanaofuata orodha ya kipato ya Benki ya Dunia. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kutoka kundi la kipato cha chini hadi kipato cha kati cha chini. Nchi ilifurahi, na ilikuwa na sababu ya kufurahi, lakini kwa mchapishaji anayetumia orodha hiyo hatua kama hiyo inaweza kumtoa mwandishi kwenye msamaha kamili na kumwachia punguzo la nusu. Wakati huohuo Tanzania imebaki katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni kabisa, kwa hiyo mwandishi yuleyule anaweza kusamehewa ada yote na mchapishaji mmoja na kudaiwa nusu yake na mwingine. Zaidi ya hayo, wachapishaji wengi hutazama anwani ya mwandishi anayewasiliana na jarida. Makala iliyofanyiwa kazi yote Tanzania, ikiwa na profesa wa Ulaya kama mwandishi wa mawasiliano, mara nyingi haipati msamaha. Mimi naona hiyo ni sababu nzuri ya kumweka kijana wetu aliyefanya kazi katika nafasi hiyo, ambayo aghalabu ni haki yake hata pasipo hesabu za ada. Tena msamaha kwa kawaida huhusu majarida yaliyo huria kikamilifu. Yale mchanganyiko, yanayouza usajili na papo hapo kuuza uhuria wa makala mojamoja, huwa nje ya utaratibu. Na maombi hufanywa wakati wa kuwasilisha muswada. Ukingoja hadi makala ikubaliwe, mara nyingi umechelewa.

Mfadhili naye ana neno lake. Taasisi ya Gates, ambayo fedha zake zimo katika tafiti nyingi za malaria Afrika Mashariki, ilitangaza mwaka 2024 kwamba kuanzia Januari 2025 haitalipa tena ada za uchapishaji, na kwamba itawataka watafiti wake waweke rasimu zao hadharani kabla ya kuhakikiwa. Aliyeandika bajeti ya mradi kwa kutegemea ada hizo amelazimika kuchagua upya. Kwa hiyo mkataba wa fedha ndio waraka wa kwanza ninaoufungua, kabla sijafungua tovuti ya jarida lolote.

Baada ya fedha, wenzangu wengi huenda moja kwa moja kwenye alama: limeorodheshwa Scopus, hazina ya kimataifa ya makala na nukuu zake? Lipo katika nyingine ya aina hiyo, Web of Science? Impakti fakta yake, yaani wastani wa mara makala zake zinavyonukuliwa, ni ngapi? Nawaelewa, kwa kuwa kamati za kupandisha vyeo zinauliza maswali hayohayo, na sitamwambia mhadhiri anayesubiri cheo kwamba asiyajali. Lakini miaka ya karibuni imeonyesha waziwazi jinsi alama hizo zisivyo imara.

Hindawi ni kampuni iliyoanzishwa Cairo mwaka 1997, na kwa muda mrefu ilikuwa fahari kwa wengi wetu kuona mchapishaji mkubwa wa sayansi huria akitokea Afrika. Wachapishaji wa Marekani, Wiley, waliinunua Januari 2021 kwa dola milioni 298. Kumbe ndani ya matoleo yake maalumu, yale yanayosimamiwa na wahariri waalikwa, walikuwa wamepenya wauzaji wa makala za kubuni, watu wanaotunga tafiti na kuuza nafasi za uandishi. Machi 2023 majarida yake kadhaa yaliondolewa Web of Science, na hadi mwaka huo unaisha makala zaidi ya 8,000 za Hindawi zilikuwa zimefutwa. Mwezi Desemba Wiley wakatangaza kwamba wataacha kulitumia jina hilo. Ndani ya majarida hayohayo zilikuwamo makala za watafiti waaminifu, nyingine za vyuo vyetu, ambao siku ya kuwasilisha walikuwa wametazama kila alama na kuikuta iko sawa.

Mwezi huohuo wa Machi jarida la mchapishaji mwingine wa ufikiaji huria, MDPI, linalohusu afya ya mazingira na afya ya jamii, lililokuwa miongoni mwa yanayochapisha makala nyingi zaidi duniani, nalo liliondolewa Web of Science kwa sababu lilikuwa likichapisha mambo yaliyo nje ya mada yake, na kwa hiyo likapoteza impakti fakta. Kisha kuna eLife, ambalo kisa chake ni tofauti kabisa. Lilianzishwa mwaka 2012 kwa fedha za taasisi tatu za kufadhili na kufanya sayansi, Howard Hughes, Max Planck na Wellcome, na wahariri wake ni wanasayansi wanaoheshimika. Mwaka 2023 liliacha desturi ya kukubali au kukataa baada ya uhakiki: kila makala inayopelekwa kwa wahakiki huchapishwa pamoja na maoni yao na tathmini ya wahariri. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilibainika kwamba Web of Science itaorodhesha sehemu tu ya makala zake, na impakti fakta ikaondoka. Hapa jarida lilipoteza alama kwa kujaribu kuwa wazi zaidi. Anayepima kwa alama peke yake ataliweka eLife kapu moja na Hindawi, na atakuwa amekosea sana.

Kinachobaki jina linapouzwa, ada inapopanda na orodha inapobadilika ni watu: wahariri wanaoipokea makala, wahakiki wanaoisoma neno kwa neno, na wasomaji ambao jarida limewakusanya kwa miaka. Hao ndio ninaowatafuta.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala bandia kuhusu molekuli ya kuvu-mwani inayodaiwa kuzuia saratani, akaijaza makosa ambayo mhakiki yeyote mwangalifu angeyaona, akaipeleka kwa majarida huria 304. Majarida 157 yaliikubali na 98 yaliikataa. Matokeo yake yalichapishwa na jarida la Science mwezi Oktoba, na ukosoaji uliofuata ulikuwa wa haki, kwa kuwa hakuyajaribu majarida ya usajili, hivyo hatuwezi kujua kama yangefanya vizuri zaidi. Lakini kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kulijua. Majina ya waandishi aliyoyabuni yalikuwa ya Kiafrika, na majina ya taasisi zao aliyaunda kwa kuchanganya maneno ya Kiswahili na majina ya Kiafrika, kisha akaziweka katika miji mikuu ya Afrika. Alieleza sababu mwenyewe: alitumaini kwamba mhariri akiwatafuta waandishi hao mtandaoni na kuwakosa, hatashuku sana ikiwa wanatoka nchi zinazoendelea. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado inaniuma. Ina maana kwamba zipo ofisi za uhariri ambamo kutoonekana kwetu ni jambo la kawaida. Majarida yaliyoikubali makala ile yalikuwa tayari kuchukua fedha za watu bila kujali kama watu hao wapo. PLOS ONE, lililodharauliwa wakati ule kwa kuchapisha makala nyingi mno, lilikuwa miongoni mwa yaliyoikataa, na lilianza kwa kuhoji maadili ya utafiti wenyewe.

Kwa hiyo nikipewa jina la jarida nisilolijua, husoma makala zake tatu au nne za karibuni zinazokaribia mada yangu, kutoka mwanzo hadi mwisho, nikijiuliza kama mhakiki angeweza kuziacha zipite zilivyo. Hutazama tarehe zilizochapishwa juu ya makala: ilipokelewa lini, ilirekebishwa lini, ilikubaliwa lini. Makala ya takwimu nzito iliyokubaliwa siku chache baada ya kupokelewa, bila tarehe ya marekebisho, imenieleza yote ninayohitaji. Hupitia bodi ya wahariri kumtafuta mtu ambaye kazi yake naifahamu, kisha huangalia kama yeye mwenyewe amelitaja jarida hilo katika ukurasa wake wa chuo. Wapo wanasayansi ambao majina yao yamewekwa kwenye bodi bila ridhaa yao, na barua fupi ya heshima kwa mmoja wao hupata jibu la kweli kuliko tovuti yoyote. Pale majarida yanapochapisha maoni ya wahakiki pamoja na makala, nayasoma hayo kwanza. Nikiona mhakiki ameuliza mbu walinaswa kwa mtego gani, walitambuliwa kwa vipimo gani vya maabara, na kwa nini nyumba zile zilichaguliwa, najua muswada wangu utaangukia mikono inayojua kazi.

Kuna pia orodha zinazosaidia kuchuja. Orodha ya majarida huria ya DOAJ ilianzishwa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, mwaka 2003; mwaka 2014 ilikaza masharti na kuyataka majarida yote yaombe upya, na mwaka 2016 yaliondolewa takriban 3,300. Leo inataja zaidi ya majarida 20,000, na mengi yao hayamtozi mwandishi chochote, jambo ambalo bado linawashangaza wenzangu. Naitumia kama mlango wa kwanza. Kutokuwemo DOAJ kunanifanya niulize zaidi, na kuwemo hakuniondolei wajibu wa kusoma. Kuhusu zile barua pepe zinazoanza na «mtafiti mashuhuri» na kuahidi kuchapisha ndani ya wiki, inatosha kukumbuka kwamba mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru OMICS, kampuni ya Hyderabad, ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya waandishi kuhusu uhakiki na kuwaficha ada.

Kwa makala zetu za mbu, uchaguzi wa kawaida huwa kati ya Malaria Journal, lililoanza mwaka 2002, Parasites & Vectors, PLOS ONE, na majukwaa kama Wellcome Open Research, ambako makala huchapishwa kwanza na wahakiki huandika maoni yao hadharani kwa majina yao. Yote manne ni ya kuaminika, na hapo ndipo swali la msomaji linapokuwa na uzito. Makala kuhusu tabia ya mbu kuuma nje ya nyumba katika kata fulani inawahusu wanaopanga mikakati ya vyandarua na dawa za ukutani, na watu hao wanasoma Malaria Journal. Makala ya mbinu mpya ya kutambua jamii za mbu inawahusu wataalamu wa wadudu hata wasioshughulika na malaria, na hiyo naielekeza Parasites & Vectors. Utafiti ambao matokeo yake ni kwamba afua haikuleta tofauti, uliofanywa kwa uangalifu wote, nisingependa uhukumiwe na mhariri anayetafuta jambo la kusisimua, na PLOS ONE tangu mwanzo limepima usahihi wa kazi na kuacha umuhimu wake uamuliwe na wasomaji.

Tena kuna makala ambazo mahali pake ni hapa nyumbani. Tanzania Journal of Health Research la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, African Health Sciences la Makerere, ambalo makala zake zimo pia katika hifadhi huria ya makala za tiba ya PubMed Central, na Western Indian Ocean Journal of Marine Science linalochapishwa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu yenye makao yake Zanzibar, yana wahariri wanaojua zahanati ya kijijini ilivyo na msimu wa kusi unavyobadilisha uvuvi. Mhakiki wa mbali atakuuliza kwa nini hukutumia rejesta za kielektroniki. Wa hapa atakuuliza swali gumu zaidi, kuhusu siku ambazo rejesta ya karatasi haikujazwa. Naumia ninapoona kamati zetu zikiyapa majarida haya pointi ndogo kwa sababu tu yamechapishwa Dar es Salaam au Kampala, kisha tukilalamika kwamba hayapati miswada mizuri. Mengi yanapatikana kupitia African Journals Online, mtandao ulioanzishwa mwaka 1998 na ambao sasa unaendeshwa kutoka Afrika Kusini, na wanaoufungua ni wengi kuliko wanavyodhani wanaoyabeza.

Jambo ambalo waandishi hulipita haraka ni leseni. Leseni ya CC BY inamruhusu mtu yeyote kutafsiri makala, kuchukua mchoro na kuubadilisha, mradi awataje waandishi. Leseni zenye sharti la kutobadilisha zinakataza kusambaza tafsiri bila idhini. Kwetu tofauti hii ni ya kila siku: mkufunzi anayewafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii anahitaji mchoro wa hatua za kukagua mazalia ya viluwiluwi wenye maelezo ya Kiswahili, na anauhitaji wiki hii, pasipo kuandika barua kwa mchapishaji wa London. Nikiwekewa orodha ya leseni za kuchagua, nachagua CC BY, na nawasihi waandishi wenza wasishawishike na zile zinazoonekana kuwalinda zaidi. Kinacholindwa hapo mara nyingi ni kutosomwa.

Wote tukishakubaliana, huwa tunaandika majina mawili kwenye ukurasa wa kwanza wa muswada, la jarida la kwanza na la pili, pamoja na utaratibu wa ada wa kila moja, kisha tunaupeleka muswada kuombewa kibali cha kuchapisha ambacho tafiti za afya nchini hupaswa kupata. Jina la pili lina kazi yake. Makala ikikataliwa, maoni ya wahakiki hufanyiwa kazi mara moja na muswada huelekezwa kunakojulikana tayari, kabla mwandishi wa kwanza hajaanza kuzijibu zile barua pepe zinazomwita mtafiti mashuhuri.